Michoro ya Papa Bahati

Ngungu, Jumanne jioni

Bado nasikia sauti yake. Miaka yote hii natafuta Wakongomani waliosanifu majengo na kusahaulika, na leo nimempata mjane wa Papa Bahati, mzee aliyechora kanisa la hapa. Watu husema alilichora padri mzungu.

"Michoro iko wapi, Mama?"

"Tulikimbia vita, mvua ikanyesha, kuni yote ikalowana. Njo maana nikachoma makaratasi yake, nikapikia watoto maharagi. Nilikosa?"

"Hapana, Mama."

Nilisema kweli. Halafu nikatoka nje, nikalia.

Chuo kinachosimamia utafiti wangu kitataka ushahidi, nami nina neno lake tu. Aliponisindikiza aliuliza, "Jina yake utaandika?"

Nikasema ndiyo. Sijui nani ataniamini.