Vipimo vya Bonge

3 Machi

Mdogo wangu Bonge,

Habari za siku nyingi? Simu yako haipatikani, basi nimerudi kwenye kalamu. Sisi wazima, ila Shangazi. Miguu imemvimba, cherehani hawezi kukanyaga, wateja amewaambia waende kwa fundi wa sokoni. Unajua kwake hayo ni matusi. Na wewe je, mashuka ya hoteli bado unayafua?

Nakuandikia kwa amri yake. Kuna kitambaa cha bluu amekificha sandukuni tangu uondoke, miaka tisa sasa. Anataka kukushonea gauni kwa mkono, hata likimchukua mwaka. "Alete vipimo. Vya leo, sio vya enzi zile." Tafuta futi ujipime, tafadhali. Kila jioni ananiuliza kama umejibu.

Kaka yako

11 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo, na Shangazi umfikishie shikamoo yake. Nisamehe kuchelewa, kazi zilinibana. Mimi mzima kabisa, nimepandishwa cheo, sasa nasimamia wenzangu.

Vipimo hivi hapa: kifua inchi arobaini, kiuno thelathini na nne, nyonga arobaini na nne. Mwambie bado ni Bonge wake yuleyule.

Mkumbushe siku aliyompima yule muuza nyama, futi ikagoma kukutana tumboni. "Mzee, zunguka mwenyewe, mimi nitasimama hapa na futi!" Nikikumbuka nacheka peke yangu.

Mdogo wako, Bonge

26 Julai

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Shangazi ametutoka. Jumanne asubuhi, nilikuwa namletea chai. Tulimzika kesho yake. Watu walijaa mpaka barabarani, na nusu yao walivaa nguo alizozishona yeye.

Kuna jambo lazima ulijue. Nilipomsomea vipimo vyako alifurahi, akaagiza daftari lake la vipimo. Akafungua ukurasa wako, akalinganisha. Arobaini, thelathini na nne, arobaini na nne. Ndivyo ulivyokuwa wiki uliyoondoka, hakuna hata nusu inchi iliyobadilika.

"Mtu hai habaki vilevile miaka tisa," akasema. "Ananidanganya kwa vipimo vyangu mwenyewe. Mwanangu anaumwa."

Nikamwambia una cheo. Akaniambia, "Hebu nyamaza, wewe." Kitambaa hakukikata. Alikaa nacho mapajani, chakula hataki, usingizi hapati. Kama umeandika hakuuliza tena. Aliuliza kitu kimoja tu, kila siku: "Unadhani amekonda kiasi gani?" Ningemjibu nini?

Mwisho wa mwezi ujao tunakutana kumkumbuka. Andika neno lako, nitalisoma. Na mimi niambie ukweli.

Kaka yako

14 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Safari hii sitasema ni mzima.

Figo zangu zimekufa. Mara tatu kwa wiki nalazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Hotelini walinitoa mwaka juzi. Hakuna cheo, hakuna wenzangu. Daktari amekataa nisafiri, na haoni kama nitapona. Usihangaike kunileta.

Barua yako ya Machi ilipofika nilijipima siku ileile. Nilipoona zile namba niliogopa. Nikasema, Shangazi akizisikia zitamuua. Nikakaa miezi miwili, halafu nikaandika zile nilizozijua kwa moyo. Kumbe ndizo zilizommaliza. Nalia, Kaka, na hata machozi hayatoki vizuri.

Siku ya kumkumbuka, wasomee hili. Siku mama alipotuacha kwake nilikuwa na miaka sita. Shangazi hakutuuliza kitu. Alivua futi shingoni, akanipima, akaandika. Nikamuuliza, unanishonea nguo? Akasema, "Hapana. Nataka nijue umekuja na ukubwa gani, ili nijue kama nakulisha." Kila Januari alinipima. Nikiongezeka inchi anapiga vigelegele, majirani wanatoka kuuliza nani kaolewa! Sikuwahi kupendwa hivyo tena, popote.

Watu wakishaondoka, fungua daftari. Tafuta ukurasa wangu, andika chini kabisa, kwa kalamu yake. Alikuuliza, basi mjibu.

Kifua ishirini na tisa. Kiuno ishirini na tatu. Nyonga thelathini na moja.

Nimepima mara mbili, kama alivyonifundisha.

Mdogo wako