Kisu Chini ya Kiti

Jumamosi, 9 Agosti

Chai iko kwenye chupa, chapati zimefungwa, viatu vya Zuhura vya kupandia vilima viko mlangoni. Mimi niko ndani ya gari tangu asubuhi. Baba Zuhura yuko buchani, anachinja mbuzi "mmoja tu". Mume wangu huyu namjua. Sijawahi kuona mmoja tu.

Nimeomba siku tatu. Maporomoko ya Ndunda, kisha kilima cha Kiang'ombe, sote watatu mpaka juu. Alhamisi binti yetu anapanda ndege kwenda Qatar, kazi ya hoteli, miaka miwili. Sitaki kingine.

Kisu amekibeba. Nimekiona chini ya kiti, kimeviringishwa kwenye kitambaa.

Njiani, pale Kanyakine, tumekwama. Mwenye bucha aliona tu kofia nyeupe ya Baba Zuhura, akatusimamisha. Mchinjaji wake mgonjwa, na bila mkono wa Muislamu wateja wengine hawagusi nyama. Tumeingia Embu giza limeshaingia.

Jumapili, 10 Agosti

Ndunda. Maji mazuri, yanaanguka kwa kelele mpaka husikii mawazo yako. Nimeyaona na Zuhura. Baba yake amebaki juu barabarani. Mwenye hoteli tuliyolala alimsimulia rafiki yake kwamba amepata mchinjaji Muislamu, rafiki akatufuata na mbuzi amefungwa nyuma ya pikipiki. Mbuzi amenifuata mpaka kwenye maporomoko! Sitanii.

Anasema eti kuchinjia watu ni thawabu, mtu hakataliwi. Na mimi je, si mtu? Nimekasirika mpaka nimemaliza chapati zote peke yangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi nimemwapisha kwamba leo hachinji. Ameapa.

Chini ya Kiang'ombe pana boma lenye sherehe ya mahari. Mama mwenye boma akatujia mbio, kanga imemlegea.

"Mzee, tusaidie. Tuko na wageni Waislamu wametoka Isiolo na hakuna mtu wa kuchinja. Sasa hawa watakula nini?"

Baba Zuhura akanitazama. Nikatazama kilima.

"Tangulieni," akasema. "Nawafuata."

Nimepanda kwa hasira. Magoti yangu mabovu leo hayakuuma hata kidogo. Huko juu upepo, Mbeere yote chini yetu, bwawa la Kiambere linang'aa mbali. Tumesubiri. Simu tumeziacha garini. Nimelia. Zuhura hakuniambia ninyamaze, alimenya ndizi akanipa nusu.

Mawingu yakaja. Wanawake waliobeba kuni wakatuonyesha njia fupi, tukashuka nao. Tumefika kwenye gari, simu ikalia.

"Mama Zuhura, mko wapi? Mimi niko huku juu."

Bodaboda alimzungusha upande wa pili, akamalizia kwa miguu. Nilitaka kuitupa simu. Zuhura akaninyang'anya.

"Baba, simama hapo hapo! Nakupungia!"

Akavua mtandio akapunga, akapunga, anacheka huku machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. Juu kabisa niliona kitu cheupe kidogo. Labda kofia. Labda jiwe.

Ameshuka, tumeanza safari ya kurudi. Amepewa paja la mbuzi, liko nyuma, linanuka.

Ijumaa, 15 Agosti

Zuhura ameondoka jana. Nimepika wali wa watu watatu.

Asubuhi jirani alikuja na mbuzi, ana wageni. Baba Zuhura akamwambia leo hapana, tafuta mwingine. Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Jirani naye hakuamini, akabaki amesimama na kamba mkononi.

Baba Zuhura akakaa mlangoni, karibu na vile viatu vya Zuhura. Bado vina vumbi la Kiang'ombe. Hakuna aliyevifuta.

Nimeingia ndani nikamletea kisu.

Nenda tu ukamchinjie, nimemwambia. Sasa tuna haraka gani.