Chai ya Meneja wa Sharpstown

Mama,

Nimelisema lile jambo. Ulinikataza, nami nimelisema kule Austin mbele ya kamati nzima ya bunge, kwenye kipaza sauti, na jina lako nikalitaja. Kama umekasirika huko uliko, kasirika, lakini nisikilize kwanza.

Unaukumbuka mwaka wetu wa kwanza Houston, pale Sharpstown. Meneja wa apatimenti aligonga mlango, karatasi mkononi. Wewe, mtoto wa Tabora, umwache mgeni asimame mlangoni? Ukamkalisha, ukammiminia chai ya tangawizi. Alipokupa kalamu, ukaona ni kukosa adabu kumsubirisha mgeni eti unasoma. Ukasaini. Kumbe umekubali tuhame. Siku tunatoka ulibeba sufuria zako ukaniambia, "Neema, hili nitazikwa nalo."

Ndilo lililonifanya wakili. Kanisani ulikuwa unawaambia watu eti mwanangu anapenda ubishi tu. Haya. Miaka yote nimewatetea wapangaji, na haikupita wiki bila kuja mtu aliyesaini kwa heshima kama wewe, Mkongomani, Mkenya, Mtanzania mwenzetu. Nikachoka kuwapokea wakiwa wameshasaini, nikagombea kiti kwenye bunge la jimbo, kule Austin. Ulinipigia kura ukiwa kwenye kiti cha magurudumu, lakini kuapishwa kwangu hukukuona. Hilo linaniuma mpaka leo, Mama.

Muswada wangu ulitaka mpangaji apewe siku tatu za kusoma karatasi ya namna ile kabla ya kusaini. Ulikuwa unaelekea kuanguka. Mjumbe mmoja mzee akaniuliza, mtu mzima mwenye akili zake anasaini vipi kitu hajakisoma? Hoja zote za kisheria nilikuwa nazo mezani. Nikalifunga faili.

"Mama yangu alisaini," nikamjibu, "kwa sababu yule mtu alikuwa mgeni wake, anakunywa chai yake."

Yule mzee akaomba nimweleze vizuri hiyo chai. Nikamweleza yote. Muswada ukapita kwenye kamati kwa kura moja, na ilikuwa yake. Ukapita na bungeni, na jana gavana ameutia saini kuwa sheria.

Nimelifukua ulilozikwa nalo, na silirudishi. Aibu haikuwa yako hata siku moja. Hapa nyumbani kwangu Katy nitaendelea kukaribisha watu kwa vikombe vyako vilevile, nakuahidi. Na mgeni akija na karatasi, nitamwambia anywe taratibu, mimi nasoma.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Neema