Baba, Bunduki Hii Ni Yangu

Baba,

Leseni imetoka. Imeandikwa Lamunu, na jina lako likafuata nyuma. Afisa aliyenikabidhi alinitazama mara mbili, kama anayemtafuta mwanamume niliyemficha mgongoni. Hakumwona. Nikasaini, nikatoka.

Kwa hiyo serikali imekubali kwamba bunduki ni yangu. Waliokuwa wamebaki ni watu wawili, mdogo wako Otim na wewe. Yeye nitakuambia habari zake baadaye. Wewe ndiye umenisumbua zaidi, kwa sababu wengine wote niliweza kubishana nao. Leo nasema mimi, wewe sikiliza.

Unakumbuka siku tulipokwenda dukani mjini kuichagua? Ulikuwa umestaafu. Miaka yote ile kambini ulikuwa fundi wa bunduki za serikali, na sasa ulitaka moja ya kwako, ya halali, ya kuwindia kanga na kulinda nyumba. Mimi nilikuwa na macho ya sinema. Nilitaka ile nyeusi, fupi, yenye mshikio kama wa bastola na tochi mbele, isiyo na kitako kabisa. Ukanipa niishike, ukaniuliza shavu langu nitaliegemeza wapi. Sikuwa na pa kuliegemeza. Ulicheka mpaka muuzaji naye akacheka.

Kisha ukaonyesha ile ya pampu iliyosimama kwenye kona, ya mbao, ya kawaida kabisa. Unavuta mbao ya chini ya mtutu, ganda tupu linatoka. Unaisukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Basi, hayo ndiyo maarifa yake yote. "Hii haina maringo," ulisema kwa Kiswahili chako cha kambini. "Hata mikono inatetemeka, yeye anafanya kazi tu." Mtutu ukachagua wa katikati, usiwe mrefu hata ukagonga kuta za korido yetu, usiwe mfupi hata kanga wakatucheka.

Walitucheka hata hivyo. Mara yangu ya kwanza kuifyatua, kule Nakasongola kwenye ranchi ya rafiki yako, kanga waliruka salama salimini na mimi nikabaki na bega jeusi wiki nzima. Niliuza samaki sokoni Ggaba kwa mkono mmoja, Mama akiniuliza nimepigana na nani. Bunduki ilikuwa ya mwanamume wa kimo chako, na mimi nimerithi kimo cha Mama.

Jumapili ile ulifunga mlango wa sebule, Baba. Nataka ukumbuke kwamba uliufunga. Ukahakikisha bunduki ni tupu, ukahakikisha tena, ukaniwekea kitako kwenye kikunjo cha kiwiko na kutazama kidole changu kinaishia wapi. Hakikufika kwenye kifyatulio. Mama akashika utepe wake wa cherehani, wewe ukatia alama kwa penseli. Ukazungusha selotepu kwenye mbao ya kitako ili msumeno usiichane, ukakata upana wa vidole vitatu, ukapiga msasa mpaka magoti yako yakawa meupe kwa vumbi. Mwisho ukafunga kipande cha mpira ulichokikata kwenye lugabire, zile ndala za tairi tulizozinunua soko la Owino, kije kinipokelee kishindo badala ya mfupa. Ukamwomba Mama rangi yake nyeupe ya kucha, ukaipaka ile shanga ndogo ya kulengea kwenye ncha ya mtutu ili niione vizuri alfajiri. "Bunduki inavaliwa kama kiatu," ulisema. "Sasa hii iko saizi yako." Sijawahi kupendwa vile, na ninakuambia wazi.

Krismasi Baba Mdogo Otim akaja. Akaishika, akaipeleka begani, na kidole gumba chake kikamgonga puani. Akauliza nani ameiharibu. Mimi nilikuwa naingia na sinia ya chai. Nikasubiri useme. Ukasema, "Bega yangu imezeeka, nikaipunguza kidogo." Nilimimina chai nje ya kikombe, na wewe ukajifanya hukuona.

Ulimwogopa nini, mtu uliyemsomesha mwenyewe?

Hata hilo ningelisahau. Lakini hospitalini Mulago, siku mbili kabla hujatuacha, yeye alikaa upande mmoja wa kitanda na mimi upande mwingine, nimekushika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa. Akasema, "Kaka, ile bunduki nitaangalia mimi." Sauti ulikuwa bado unayo. Asubuhi ile ulikuwa umeniomba uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Ukamjibu, "Sawa." Nimelibeba neno hilo mwaka mzima, Baba, na lina uzito kuliko jeneza lako.

Baada ya mazishi alianza kuidai. Kwenu mrithi hukabidhiwa mkuki wa marehemu siku ya kumaliza matanga, na mkuki wako ulipotea wakati wa vita, mkikimbia. Basi akaamua bunduki ndiyo mkuki. Wewe ulizaa wasichana watupu, kwa hiyo ingekwenda kwa mwanawe. "Mkuki ya ukoo haiwezi lala kwa msichana," alisema mbele ya Mama, na Mama akaendelea kuchambua maharage. Nikamweleza kwamba leseni hufa na mwenyewe, kwamba akikutwa njiani na bunduki ya marehemu hataulizwa habari za ukoo. Akanijibu kwamba hiyo ni sheria ya Kampala.

Sikungoja. Kesho yake asubuhi niliifunga kwenye blanketi, tukaenda kituo cha polisi mimi, Mama na mwenyekiti wa mtaa. Wakaipokea pamoja na risasi zote, wakatupa karatasi. Baba Mdogo akafika mchana na gari la kukodi, akakuta sefu iko wazi na ndani hamna kitu. "Umepeleka baba yako polisi," akaniambia. Nilimwambia ndiyo, na chakula kiko mezani.

Matanga yalimalizwa kijijini, mwana wa Baba Mdogo akakabidhiwa mkuki wa kuazima. Nilipika, nikagawa, nikakaa na wanawake. Shangazi mmoja alisogeza kiti chake mbali na changu. Sikulia siku ile, na wakasema hata machozi sina. Machozi ninayo. Sikutaka wayaone wakadhani ni ya toba.

Kisha nikaanza kutembea na makaratasi. Barua ya mwenyekiti, cheti cha daktari, mafunzo ya kulenga shabaha ambako nilikuwa mwanamke peke yangu na mwalimu akinifundisha taratibu, kama unavyomlisha mtoto. Nikapiga shabaha yake katikati, akaanza kusema kwa kasi ya kawaida. Ofisini mmoja akaniuliza mume wangu anasemaje. Nikamwambia fomu haina pa kumwandika.

Aliyenihoji mwisho alikuwa mama mmoja afisa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaniuliza msichana anataka bunduki ya nini. Nikamjibu vile ulivyotufundisha wewe. Nyumbani tuko wanawake watatu, Mama, mimi na mdogo wangu, na kwa jirani wezi walikata nondo za dirisha mchana kweupe. Wakija kwetu, sote tunaingia chumbani kwa Mama, tunafunga, tunapiga simu, na bunduki inakaa nasi nyuma ya mlango huo. Haitoki kumfuata mwizi. Wakichukua televisheni, wachukue. Akaitazama bunduki yenyewe mezani, akauliza kwa nini kitako ni kifupi hivi. Nikasema, "Baba alikikata kwa kipimo cha mkono wangu." Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Akaliandika kwenye faili kama jambo la kawaida, akageuza ukurasa.

Sasa imerudi nyumbani. Sefu nimeifunga ukutani kwa boliti nne. Risasi ziko chumba kingine, kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo anao Mama shingoni pamoja na rozari yake. Sishiki bunduki kwa mikono ya samaki, usiulize. Mpira wa lugabire ulianza kupasuka, nikakata mwingine kwa kufuatisha ule wako.

Na nimeweka tochi. Ndiyo, ile uliyoicheka dukani. Nimeifunga chini ya mtutu na sitaitoa. Mdogo wangu hurudi na kuingia bila kubisha, mtoto wa jirani hupitia uani kwetu kufuata mpira wake, na mimi sitamwelekezea mdomo wa bunduki mtu ambaye sijamwona uso. Wewe ulikuwa na macho ya miaka thelathini kambini. Mimi nina yangu, na nimeamua.

Sasa habari za mdogo wako. Alipiga simu juzi. Mwaka mzima alikuwa akimpigia Mama tu, na nikipokea mimi anakata. Safari hii hakukata. Alizunguka kwanza: mvua, magoti yake, bei ya sukari. Mwisho akasema kanga wameingia kwenye mtama wake, kundi zima, wanamaliza, na mwanawe mkuki anao lakini kanga hawaogopi mkuki. Karibu nicheke, Baba, nikajiuma mdomo.

Akasema, "Njoo na bunduki ya baba yako."

Nikamwambia bunduki ya baba yangu haipo. Iliyopo ni yangu. Nilisikia mbuzi wake nyuma, na mtu akitwanga. Nilikuwa tayari akate, na nilikuwa tayari mtama wake uliwe wote, sikufichi. Kisha akakohoa.

"Haya. Basi njoo na ya kwako."

Nitakwenda, kibali cha kuwinda kikishatoka. Nimemwambia asubiri, na anasubiri. Nitapiga kanga wake, nitampa wawili, bunduki hataishika.

Lakini kabla ya shamba nitapita kaburini kwako, na yeye nitamwomba anisindikize. Nitakuja na bunduki tupu, chumba cha risasi kiko wazi aone hata yeye. Nitaiweka begani, nimwonyeshe mahali kidole kinapofika, nimwambie ni nani aliyepimwa siku ile na ni nani aliyeshika utepe. Nitasema kwa sauti, kijiji kisikie. Wewe hukuweza, na nimechoka kukukasirikia kwa hilo.

Lala, Baba. Lile "sawa" ulilomwambia, nimelifuta.

Binti yako,
Lamunu