Upande wa Ukuta

Ndani ya ekspresi, Jumapili, tarehe 4 Machi

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na magoti yameanza kukuachia. Mimi mzima, ila moyo haujatulia, ndiyo maana nakuandikia kabla hata sijafika mjini. Ningepiga simu ya dukani, lakini pale mtu mmoja akisikia, wamesikia wote. Vumilia mwandiko, treni inatingishika na meza yangu ni goti.

Unajua siku zote mimi hukaa upande wa bonde. Leo watalii na kamera zao wamejaza viti vyote vya upande huo, nikasukumiwa upande wa ukuta, ambako hakuna cha kutazama isipokuwa mwamba na majani yanayofuta kioo. Nikasema potelea mbali, nitalala. Treni ikauzunguka mlima, zile dakika zake arobaini, ikashuka mpaka kivuko cha chini, pale watu wanapovuka reli na inapotokea njia ya mkato ya kwako. Pale hupunguza mwendo. Watu wote wakasimama kupiga picha maporomoko ya maji. Mimi nikafumbua macho upande wangu, nikakuona wewe.

Usiniambie si wewe. Kitambaa cha kichwa ni kile cha zambarau nilichokuletea juzi. Ulikuwa hatua tano kutoka dirishani, umeshikwa mkono na mwanamume mwenye kofia, anakunong'oneza sikioni huku anaionyesha treni kwa kidole. Nikagonga kioo. Hukunitazama. Ulikuwa unacheka na kupunga mkono, lakini hukunipungia mimi. Ulilipungia behewa la mizigo lililo nyuma yetu.

Mama, muda mfupi kabla ya hapo uliniaga mlangoni, ukasema magoti hayawezi kukufikisha hata stesheni, ambayo ni ng'ambo ya barabara. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ni dakika ishirini na tano kwa miguu, tena ya mteremko.

Sasa nakumbuka na mengine niliyoyaona siku hizi tatu nikayanyamazia. Viti viwili vya sebuleni havipo, wala kabati la vyombo. Ulisema vimeliwa na mchwa. Jikoni imebaki sufuria moja, ile ndogo yenye mpini uliolegea inayopiga kelele kila ikiguswa. Nyuma ya mlango kuna kofia ya kiume. Kuna kamba mpya kutoka mlango wa nyuma hadi chooni, na haijaanikwa hata leso. Picha za wenzangu wa kiwandani ulizisifu zote kwa mkupuo, ukanirudishia kabla sijakwambia nani ni nani. Na wakati wa kuniaga ulinipapasa uso muda mrefu, kama mtu anayechagua parachichi. Nilidhani ni mapenzi. Sasa sijui nidhani nini.

Kazi yangu ni kukagua vitambaa. Kutwa nasimama mbele ya taa, majora yanapita, nami natafuta uzi uliokatika. Nikiuona mmoja najua kuna mwingine. Kwa hiyo niambie, nani yule, na kwenye behewa la mizigo mlipakia nini? Unauza nyumba?

Mwanao


Nyumbani, Jumatano, tarehe 14 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti ni yale yale, tumezoeana. Wewe je, unakula? Barua yako imeandikwa na mtu mwenye njaa.

Nimecheka. Vitambaa vya zambarau viko tele duniani, na uliyemwona ni mama wa mtu mwingine. Viti na kabati ameviazima jirani. Kofia ni ya fundi wa bati, aliisahau. Kamba ni kamba. Nyumba haiuzwi, labda uniuze mimi kwanza. Na mwandiko usikushtue, kifundo cha mkono kinaniuma, jirani ndiye ananiandikia.

Mkaguzi wangu, ukikagua sana utatoboa kitambaa chenyewe. Bonde lilikuwaje safari hii? Siku zote hunieleza bonde, mara hii umelisahau.

Mama yako


Mjini, Jumanne, tarehe 20 Machi

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Pole na kifundo. Mimi afya ninayo, usingizi ndio sina.

Mwanzoni mwa mwezi viti vililiwa na mchwa, katikati ya mwezi vikaazimwa na jirani. Mchwa waungwana sana hao. Na jirani yako wa kulia hajui kuandika, wa kushoto anaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Mwandiko huu umenyooka, herufi kubwa zina mikia, na namba zote zimesimama kwenye mstari. Nikajiuliza nimeuona wapi. Jana saa ya chakula nilikwenda stesheni kuu, nikaomba fomu ya mizigo, nikalinganisha. Watu wa reli ndio huandika hivi. Anayekuandikia ni yule mwenye kofia.

Kwa hiyo sasa nasema na wewe, Bwana. Kama unamwandikia mama yangu, bila shaka unamsomea pia, na sijui huwa unaruka mistari mingapi. Huu usiuruke. Nyumba ile marehemu baba aliijenga kwa mikono yake, na mama yangu si mjane asiye na mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Kwangu wewe ni mwizi mpaka nione vingine.

Mama, kama maneno haya yanakufikia, nimeomba likizo. Mwisho wa mwezi ujao nakuja na mjomba kukuchukua. Chumba changu ni kidogo na kiko ghorofa ya tatu, lakini kitanda cha pili kitaenea. Nyumba tutaitia kufuli.

Mwanao


Mjini, Ijumaa, tarehe 6 Aprili

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Ni siku kumi na saba sasa bila hata neno la salamu.

Nimeanza kuogopa kwamba barua zangu zinaishia mfukoni mwa mtu. Kama kweli ni wewe unayejibu, niambie jambo moja ambalo hakuna mwingine analijua. Niambie uliniitaje nilipougua surua.

Mwanao


Nyumbani, Alhamisi, tarehe 12 Aprili

Kwako Kifaranga wa Kanga,

Marahaba. Ulikuwa madoadoa mwili mzima, ningekuitaje tena? Mimi mzima kwa mengine yote, isipokuwa moja. Keti kwanza.

Barua yako ilisomwa yote kwa sauti. Hata pale pa mwizi hakuruka neno, alikohoa mara moja akaendelea. Mimi ndiye niliyechelewesha jibu, kila siku nikisema kesho. Yeye ndiye aliyeniambia, dada, mficha maradhi kifo humuumbua, mwambie mtoto. Ni mshika bendera wa kivuko cha chini, tunamwita Mzee Bendera. Mkewe anakusalimia. Viti na kabati viko sebuleni kwao, ukitaka utavikagua.

Sioni, mwanangu. Ni presha ya macho. Mwaka jana daktari alisema kilichokwenda hakirudi, matone yanalinda kilichobaki tu, na kilichobaki ni mwanga na vivuli. Viti nilikuwa najigonga. Kabati lilinipasua kwenye paji la uso. Kamba ndiyo naishika kwenda chooni, na Mzee Bendera alisahau kofia yake ya zamani siku alipoifunga. Sufuria yenye kelele nimeibakiza kusudi, maana hiyo haipotei, na mtu akiigusa najua.

Nilikuficha kwa sababu ya shangazi yako. Wanawe walimchukua kwa mapenzi matupu, wakamweka ghorofani, na sasa anakaa kitandani akiuliza leo ni siku gani. Hapa najua ni hatua kumi na nne kutoka kitandani mpaka jikoni. Kwako nitakuwa mzigo uliofungwa vizuri, nami naogopa hilo kuliko giza.

Sasa habari ya kivuko. Siku ya kwanza ulipokwenda kuanza kazi, miaka kumi na moja iliyopita, niliporudi ndani miguu ilikataa kukaa. Ikanishusha njia ya mkato, nikawahi treni ikipita. Tangu hapo kila ukiondoka nakuaga mlangoni, nasingizia magoti, kisha nashuka nikuone mara ya pili. Na kila mara ulikuwa upande wa bonde. Kisogo chako nakijua kuliko msusi wako. Sikukwambia, kwa sababu bonde lile ni zuri na sikutaka kushindana nalo.

Siku hizi Mzee Bendera huja kunishusha, hunishika mkono akanitajia: behewa la pili, dirisha la nne, anatazama kule. Safari hii akasema, dada, amegeuka, anakutazama wewe, punga. Nikapapatika, na nilipoinua mkono ulikuwa umeshapita. Miaka kumi na moja nasubiri ugeuke, umegeuka macho yameshaondoka.

Hapa mwandishi ameacha nafasi, anasema nilikuwa nalia. Mimi nasema nilikuwa nakunywa maji.

Njoo na mjomba, mtakula na mtalala. Ila kama mmekuja kunichukua, sitoki.

Mama yako


Ndani ya ekspresi, Jumapili, tarehe 6 Mei

Mpendwa Mama,

Shikamoo tena, ingawa nimekuaga sasa hivi na uso wangu bado unanukia mikono yako.

Nimekaa upande wa ukuta. Mtalii mmoja amenionea huruma, akataka tubadilishane viti. Nilipokataa amenitazama kama mtu anayeficha kitu.

Nashukuru kwa siku zote hizi. Nilizipima hatua zako, mpaka jikoni ni kumi na tatu, lakini sitabishana na mwenye nyumba. Mjomba amekubali kufuli alilokuja nalo likafungie banda la kuku. Matone atakutia mke wa Mzee Bendera, asubuhi na jioni kama tulivyokubaliana, na mimi nitakuja kila mwisho wa mwezi badala ya mara mbili kwa mwaka. Bado nina wasiwasi, sikufichi. Kila nikifumba macho nakuona unaanguka. Lakini nimekuona pia ukikata vitunguu bila kujikata kidole, na ukimpata kuku aliyekimbia kabla mjomba hajainuka.

Mzee Bendera nimemwomba radhi mara tatu, na mara zote tatu amekohoa. Muulize hiyo ni ndiyo au hapana.

Mkagua tiketi amenionyesha dirisha moja linalofunguka, nimelifungua. Usiulize nina nini ndani ya mkoba. Najua barua hii haitakuwahi, lakini simama pale pale, na leo usimsikilize Mzee Bendera, usipunge mpaka usikie mwenyewe. Naweka kalamu chini, tunakaribia.

Mwanao, Kifaranga


Nyumbani, Jumapili hiyo hiyo, jioni

Mwanangu,

Hujambo. Leo naandika kwa mkono wangu. Mzee Bendera ameniwekea rula niifuate. Mstari ukipanda juu ya mwenzake, usiukague.

Nimekuona.

Rudisha sufuria yangu.

Mama