Vidole Vitatu vya Baba

Northfield,
Birmingham.
15 Machi 2025

Mpendwa Baba Mdogo Barnabas,

Chamgei! Mmeamkaje hapo Eldoret? Na Mama Mdogo Rael, goti linamruhusu kufika kanisani? Sisi huku tu wazima, ila baridi haijatuachia. Binti yangu Cheryl ananipita urefu sasa. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, kisha ananijibu Kiingereza, mtoto huyo!

Baba yuko. Mwili una nguvu, lakini ule ugonjwa wa kusahau unamla polepole. Juzi aliniita nesi. Ni kweli mimi ni nesi, lakini nilienda jikoni nikalia.

Raga ndiyo haijamtoka. Anakumbuka mlivyojinunulia viatu, mkacheza Jumamosi mkalipwa soda na sambusa. Kesho yake aliingia wodini kuhudumia wagonjwa, jicho limevimba, nao wakampa pole yeye!

Sasa keti kwanza, Baba Mdogo. Kuna jambo ameniomba nikuandikie. Ameniomba mara nne wiki hii, kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Ile hadithi yako ya kila harusi naijua: fainali ya mwaka wa sabini na sita, ulivyogongwa kichwa, Baba akakuinulia vidole, ukavihesabu sawasawa ukarudi uwanjani. Huwa tunacheka wote. Baba hajawahi kucheka, ulishaona hilo?

Aliinua vidole vitatu. Wewe ulisema viwili. Timu haikuwa na daktari ila yeye, mchezaji mwenzako, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne, na mchezaji wa akiba hamkuwa naye hata mmoja. Alilitaka lile kombe. Akamgeukia refa akamwambia, "Yuko sawa." Dakika tano baadaye uligongwa tena, na sikio lako la kushoto halijasikia hadi leo.

Nilikasirika, sikufichi. Nimekua nikimwona daktari wa mifupa asiye na mzaha, anayewatoa vijana uwanjani kwa kizunguzungu kidogo tu, wazazi wakimnung'unikia. Kumbe kwa kila mmoja aliyemtoa, alikuwa anakutoa wewe.

Najua kwetu kaka mkubwa hamwombi mdogo wake msamaha kupitia kwa binti. Anaona haya, na anaogopa atalisahau kabla hujalijua. Jumamosi asubuhi akishakunywa chai, akili yake hutulia kama saa moja hivi. Mpigie, tafadhali. Ukiwa na hasira, mkasirikie. Usimwambie tu kwamba yamepita, maana kwake hayajapita.

Nisalimie Mama Mdogo, Shangazi Tapsubei na watoto wote wa Kimutai. Mungu awaongezee siku, na ninyi wawili awape hiyo Jumamosi moja.

Wako akupendaye,
Jelagat

Nilikuwa nafunga bahasha Baba akaniita, tena kwa jina langu. Amesema, "Mwambie Barnabas aweke simu kwenye sikio la kulia."