Barua ya Kumwombea Maganga

Mjukuu wangu Kalunde,

Marahaba. Hapa Itetemia hatujambo, ila bibi yako kifua kinambana. Mahindi yamebeba.

Umeniuliza kama saini mnazokusanya huko Dar es Salaam, ili sheria ya kunyonga ibadilishwe, zitasaidia kitu. Nimechoka, mjukuu wangu, lakini nitakujibu.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Kijijini kwetu yowe likipigwa, kila mwanamume lazima atoke, asiyetoka alitengwa. Siku moja lilipigwa kwa ajili ya mwizi wa ng'ombe. Kundi lilimpiga hadi akaanguka, kisha likatawanyika. Jirani yangu Maganga peke yake ndiye aliyebaki, akimnywesha maji. Polisi wakamkuta yeye. Mwizi akafa, Maganga akahukumiwa kunyongwa.

Mama yake akanijia. "Mwalimu, mwandikie Rais. Kila aliyekuwepo aje aweke dole gumba, ili Rais ajue mwanangu hakuwa peke yake."

Watu waliogopa, nani asingeogopa? Lakini walikuja mmoja mmoja, nikawashika vidole na kuvikandamiza kwenye wino. Maganga hakunyongwa. Alifungwa maisha, akafia humo humo.

Basi zinasaidia, ingawa kidogo.

Mpaka leo wazee wananisifu kwa barua ile. Hakuna anayekumbuka kwamba jina langu halikuwemo. Na siku ya yowe, Kalunde, nami nilikuwa na fimbo.

Nitumie hiyo karatasi yenu. Kidole gumba bado ninacho.

Babu yako,
Mihayo